Mume Wangu Anacheka na Mbwa

Kila siku Damaris alitandika vitanda vya watu asiowajua. Alikuwa mfanyakazi wa hoteli moja ya Al Garhoud, Dubai, karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi alibadilisha mashuka, akasugua mabafu, akapanga taulo. Jioni alipanda basi kwenda kumwona mumewe, Fanuel, katika kituo cha kurekebisha viungo. Kisha alirudi Al Nahda, kwenye chumba alichokaa na wanawake wenzake.

Fanuel alikuwa mlinzi wa jengo. Mwaka 2007 alianguka kazini. Mkono na mguu wa kulia vilikosa nguvu. Mdomo ulipinda. Maneno yakapotea. Madaktari walisema ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani ulikuwa umeziba. Alipotoka hospitali alipelekwa kituoni ili ajifunze upya kutembea, kushika na kusema.

Kila jioni Damaris alivuta kiti kando ya kitanda.

"Baba Ivy, mimi ni nani?" aliuliza. Ivy alikuwa binti yao, aliyebaki Nyamira, Kenya, kwa nyanya yake.

Fanuel alimtazama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Sema Damaris. Da-ma-ris. Si ni rahisi? Jaribu."

Fanuel aligeuza uso ukutani.

"Haya, inua mkono basi. Kidogo tu! Daktari alisema unaweza."

Mkono haukuinuka. Damaris aliondoka na moyo mzito. "Kesho nitamkazania zaidi," alijiambia.

Jumanne moja kazi iliisha mapema, naye akafika kituoni mchana. Kabla hajaingia chumbani alisikia kicheko. Alikijua kicheko kile. Hakuwa amekisikia tangu mumewe aanguke. Akasukuma mlango haraka.

Fanuel alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Mbele yake alikuwapo mbwa mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya simsim. Mbwa alikuwa amelaza kichwa pajani pa Fanuel. Kando alisimama msichana mrembo ameshika kamba ya mbwa, naye akicheka.

"Sim... sim," Fanuel alisema. "Simsim!"

Damaris aliganda mlangoni.

"Karibu, nyabo," msichana alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Mimi naitwa Joanita, Mganda. Nafanya kazi kwa daktari wa wanyama. Huyu ndiye Simsim. Tunakuja kila Jumanne kuwasalimia wagonjwa."

"Kila Jumanne?" Damaris aliuliza. "Na mimi mke wake sijui?"

"Aliulizwa mwenyewe, akakubali kwa kichwa. Unaweza kumpapasa. Hana neno."

"Asante. Sina haja."

Ndani ya basi Damaris alitazama dirishani asione kitu. Wivu ulikuwa ukimla. Mbwa! Kwao Nyamira mbwa alilala nje na kulinda ng'ombe. Huyu wa Dubai amepewa paja la mume wa mtu! Jina la mbwa linatamkika, jina la mke limeshindikana. Na huyo Joanita, na kucheka kwake! Yeye Damaris anachubuka mikono kwa sabuni za hoteli, halafu kicheko cha mumewe wanakula wengine.

Kesho yake alimtafuta muuguzi wa wodi. Aliitwa Hilwa, wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa Dubai miaka mingi.

"Sista, mume wangu hapatani na manyoya," Damaris alisema. "Yanambana kifua. Huyo mbwa asije tena."

Ulikuwa uongo mtupu.

"Mbona hatukuliona hilo?" Hilwa alishangaa. "Lakini hatufanyi mchezo na pumzi za mtu. Tutamsimamisha mbwa mpaka daktari ampime."

Jumanne iliyofuata Damaris alibadilishana zamu na mwenzake. Alivaa gauni lake la kijani, akajipaka manukato. Akaketi palepale alipokuwa mbwa, magoti yakigusana na ya mumewe.

"Leo ni mimi na wewe," alisema kwa tabasamu.

Fanuel alitazama mlango. Aliutazama mpaka saa ya wageni ikaisha.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Fanuel alikula kidogo. Wauguzi walipokuja kumfanyisha mazoezi alifumba macho. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja kama kucha za ndege. Damaris aliviona, akaingiwa na hofu. Alikuwa amemshinda mbwa, lakini ushindi wenyewe ulikuwa mchungu.

Ndipo Hilwa alipomwita pembeni.

"Daktari amempima. Kifua cha mumeo kizima kabisa. Hebu niambie, bibiye. Hicho kifua kinachobanwa ni cha Fanuel, au chako?"

Damaris aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka.

"Ni changu, sista. Nilidanganya. Nimeona wivu. Anampenda mbwa kuliko mimi. Ananisahau mimi, anamkumbuka mbwa!"

"Hajakusahau. Kiharusi kimemwibia maneno, hakikumwibia akili. Anakujua vizuri sana, na hapo ndipo penye tatizo. Ukimwambia sema, akashindwa, anaona haya. Wewe ni mkewe. Hataki umwone ameshindwa. Kila jioni unamfanyisha mtihani, mwenzangu, na kila jioni anaanguka."

Damaris hakuwa ameliona hilo.

"Simsim hamwulizi kitu," Hilwa aliendelea. "Hajui kama alikuwa mlinzi, wala kama mdomo umepinda. Fanuel anampapasa, hofu inapungua, moyo unatulia. Moyo ukitulia, neno linapata njia. Na ule mkono anaoukataa kwenye mazoezi, aliunyosha mwenyewe kumchana yule mbwa."

"Kwa hiyo mbwa ni dawa?"

"La, mbwa hatibu kiharusi. Dawa ni dawa, na mazoezi ni mazoezi. Mbwa anampa mgonjwa hamu ya kufanya mazoezi. Na hamu hiyo tunaitaka sasa. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Tukiiacha ipite bure, mkono utakakamaa."

"Lakini sista, uchafu je? Na kichaa cha mbwa? Kwetu mbwa hapelekwi hata jikoni, sembuse hospitali."

Hilwa alicheka. "Mimi Mwislamu, wadhani sikuuliza? Mbwa wa mtaani haingii hapa. Simsim amechanjwa, anapimwa na daktari wa wanyama, anaogeshwa kabla ya kuja. Amefunzwa kutulia, hata sahani ikianguka. Hapelekwi kwa mwenye kidonda kilicho wazi, wala kwa mwenye kudhurika na manyoya. Mgonjwa anaulizwa kwanza. Asiyetaka, iwe kwa dini au kwa woga, halazimishwi. Mimi mwenyewe husimama mbali naye, na hakuna anayeniudhi. Na kila anayemgusa hunawa mikono kabla na baada."

Damaris alifuta uso. "Basi arudi. Na mimi nifanye nini?"

"Njoo ukae. Usimwulize maswali. Kaa naye tu."

Jumanne Simsim alirudi. Damaris alipomwona Joanita, wivu uliinua kichwa tena. Haukuwa umekufa. Lakini alinawa mikono kwa sabuni kama alivyoelekezwa, akasogea.

"Nyabo, shika hapa," Joanita alisema, akimpa brashi. "Wewe na yeye mtamchana. Mimi kazi yangu ni kumwangalia mbwa. Akichoka, tunaondoka."

Damaris aliweka brashi kwenye kiganja cha kulia cha Fanuel. Akafunika mkono ule kwa mkono wake. Walichana pamoja, polepole, kutoka shingoni hadi mgongoni. Mbwa alishusha pumzi ndefu, akafumba macho. Manyoya yalikuwa laini kuliko Damaris alivyofikiri.

Mara kadhaa neno "sema" lilimjia mdomoni. Kila mara alilimeza.

Akahisi vidole vya Fanuel vinakaza chini ya vyake. Akainua macho. Fanuel hakuwa anamtazama mbwa. Alikuwa anamtazama yeye, usoni, shingoni, mabegani.

"U... me..." alisema.

Damaris alingoja.

"Umekonda," Fanuel alisema.

Damaris alipiga kelele, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. "Nimekonda kwa sababu yako! Wewe na mbwa wako!"

Fanuel akacheka kwa nusu ya mdomo wake. Hilwa, aliyekuwa mlangoni, alijifanya anapanga mashuka.

Tangu siku hiyo Damaris aliacha mitihani. Jioni alimsimulia mumewe vituko vya hotelini, kama yule mgeni aliyejifungia bafuni. Fanuel alichangia neno moja, kisha mawili. Mazoezi hakuyakataa tena. Jumanne alivaa viatu mapema, kwa kuwa sasa alitembea na Simsim kwenye ukumbi, fimbo mkono wa kushoto, Damaris upande wa kulia. Damaris na Joanita walizoeana hata wakawa wanataniana.

Siku moja wakiwa katika matembezi hayo, walimpita mgonjwa mgeni. Alikuwa mzee wa Kihindi, ameketi kitini, hasemi na mtu. Joanita aliinama, akamwuliza kama angependa kumsalimia mbwa. Mzee aliitikia kwa kichwa. Simsim akamwendea, akalaza kichwa pajani pake. Uso wa mzee ukafunguka.

Fanuel alisimama akitazama. Alikunja uso.

"Ame... niacha," alisema.

Damaris alimtazama mumewe, akaujua ule mkunjo wa uso. Aliujua vizuri mno. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Pole sana, Baba Ivy," alisema. "Utazoea. Sasa umebaki na mimi."

"Haya," Fanuel alisema. Akamshika mkono kwa mkono wake wa kulia, wakaendelea kutembea.