Mkono wa Kulia wa Mishi

"Dada Mishi, hiyo glavu itaniharibia hina. Tazama."

Mishi alitazama. Ua alilolichora kiganjani mwa bibi harusi lilikuwa limeburutwa na kitambaa cheusi, likawa doa. Alichora kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliovaa glavu, ulikuwa wa kumshikilia Husna asitikisike.

"Samahani, nitalifuta nichore upya."

"Na glavu je?"

"Siivui, Husna. Wajua kwa nini."

Husna alijua. Nyumba nzima hiyo ya Msambweni ilijua, maana ilibaki kidogo tu Mishi aolewe humo na Feisal, kaka yake Husna, mpishi wa hoteli huko Diani. Kisha jiko la gesi likalipuka nyumbani kwao Waa, Mishi akichoma mahamri, na moto ukamla mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Akiwa bado hospitali alirudisha pete ya uchumba.

"Harusi ni yangu," Husna alisema taratibu. "Nataka nishikwe na mkono, si kitambaa."

Mishi aliushika ukingo wa glavu. Watu walimsifu kwamba amepona, lakini hawakuwapo alipokuwa akikanda unga kila asubuhi, machozi yakimtoka, mpaka vidole vilivyokakamaa vikaanza kutii. Hawakumwona akijifunza upya kuchora kwa mkono wa kushoto, akiharibu hina juu ya sinia hadi mistari ikanyooka. Kazi ilimrudia. Ila mkono wa kulia ukiwa wazi hakumpa mtu tena, hata kwa salamu.

Aliivua glavu. Husna aliyatazama yale mabaka na mikunjo, kisha akaweka kiganja chake kisicho na hina juu ya mkono ule.

"Una joto," alisema. "Haya, chora."

Alipomaliza, Mishi alitoka kwenda uani kunawa, akaisahau glavu chumbani. Feisal alikuwa huko uani, ameinamia sufuria la pilau.

"Assalaam aleikum, Mishi."

"Waaleikum salaam. Niliambiwa uko kazini."

"Niliomba ruhusa nije niwapikie wageni."

Mishi aliuficha mkono ndani ya buibui.

"Jumbe zangu zafika?" Feisal aliuliza.

"Zafika. Kila Ijumaa waniuliza hali."

"Na hujibu."

"Nikujibu nini? Daktari alipofungua bendeji, uligeuza uso ukatoka wodini. Kila mtu alikuwa akiutazama mkono, Feisal. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Alingoja kisingizio, kwamba alikimbilia muuguzi au aliitwa kwa simu. Angekuwa na jibu kwa vyote viwili.

"Kweli niligeuza," Feisal alisema. "Niliogopa. Nikaketi nje, nikaona haya kurudi, na kila nilipochelewa haya zilizidi. Uliporudisha pete nikaona ni haki yako."

"Ilikuwa haki yangu."

"Ndiyo."

Hasira aliyoilea Mishi muda wote huo ikakosa pa kushika. Bado alimpenda, na hilo lilimuudhi.

"Nipe idhini nije kuposa upya," Feisal alisema.

"Siku ya harusi bwana huingia ndani kumpa mkono bibi harusi, wanawake wote wakitazama. Mkono wa kulia. Kovu siliogopi tena. Naogopa uso wako siku hiyo. Ukigeuka tena, mbele za watu, sijui kama nitainuka."

"Basi nionyeshe sasa."

"La. Sasa tuko peke yetu, ni rahisi. Nenda kafikiri."

Ijumaa simu ya Mishi ikalia, ujumbe wa Feisal kama kawaida.

"Nimefikiri. Naomba wazee wangu waje Waa."

Kwa mara ya kwanza Mishi alijibu.

"Waje. Lakini harusini sitavaa glavu. Ujue hivyo kabla ya kuleta posa."

"Nimejua."

Posa ikaja, siku ikapangwa. Husna, ambaye hajui kuchora hata ua, alishikilia kwamba ni yeye atakayempaka Mishi hina. Ikashika vidoleni na pembeni, ila juu ya kovu ikakataa, mistari ikawa hafifu. Shangazi yake Mishi, Fauzia, alipouona mkono akaja na glavu nyeupe ya lesi.

"Vaa, mwanangu. Watu wana macho."

"Wana macho, shangazi. Waache watazame."

Nikaha ilipokwisha kufungwa msikitini, Feisal aliletwa hadi chumbani. Mazungumzo ya wanawake yakakatika. Mishi, aliyeketi juu ya kitanda kilichopambwa, aliutoa mkono wa kulia kwenye mtandio akaunyoosha. Hakuutazama. Alikuwa akiutazama uso wa Feisal.

Uso ule ulisawijika. Macho yakajaa machozi, lakini hayakuuacha mkono. Feisal alisogea, akaupokea kwa mkono wake, akasoma dua aliyofundishwa.

"Umeogopa?" Mishi alinong'ona.

"Sana."

"Na hukugeuka."

"Sikugeuka."

Vidole vya Mishi, vilivyomliza juu ya unga asubuhi zote zile, vikajikunja polepole juu ya mkono wa Feisal, kimoja kimoja, mpaka vikaufumbata. Hapo Husna akapiga kigelegele.