Dira Iliyomlaza Aziza

Sindano zote za dira mezani zilikuwa zimegeukia upande wa kijiji cha Wamaza. Moustapha hakuwa amezigusa.

Enzi zile za Wabelgiji, nani mjini Kasongo hakumjua fundi Moustapha? Manahodha wa mto Lualaba na Wazungu wapima ramani walimletea nyumbani dira zao kuukuu, naye akazisugua sindano kwa sumaku mpaka zikaikumbuka kaskazini. Mkono wa baraka, watu walisema. Baraka gani, jamani!

Masika yaliyopita alikuwa akipeleka dira ya mpima ramani mmoja huko Kabambare, yeye na mkewe Subira na binti yao Aziza, mtoto wa kithembe, kipenzi cha mtaa. Homa ikamuua Aziza njiani, Wamaza, ugenini, ambako hapakuwa na msikiti wala mtu wa kuwaonyesha kibla, na mawingu yalikuwa yamelificha jua. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka. Moustapha akaitoa dira ile, busole kama walivyoiita kwao. "Busole haidanganyi," akasema, wakamzika.

Mpima ramani aliirudisha akicheka: "Fundi, hii iko inaonyesha kusini!"

Moustapha alikaa chini palepale. Alikuwa ameisugua sindano kwa ncha isiyofaa ya sumaku, ikageuka kinyume. Mtoto wake alikuwa amelala ameipa Makka mgongo. Akamwendea mwalimu Kassimu wa msikitini kwa siri, akajibiwa kaburi halifukuliwi, Mungu anajua nia. Lakini hakumwambia Subira. Angeanzia wapi?

Sasa sindano zilianza kukwaruza vioo kutoka ndani, taratibu, na harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikapanda kutoka mezani ikachanganyika na udi, ikajaa chumba, ikaingia jikoni alikokuwa Subira akitwanga sombe, majani ya muhogo, naye akaacha mchi, akaja amejishika kifua, kwa kuwa ndani ya ile dira ya Kabambare kulikuwa na sauti ndogo ikisema, "Baba, unigeuthe."

"Baba Aziza," Subira akanong'ona, "ni yeye. Umugeuze namna gani?"

Moustapha akamwambia yote. Subira akaikumbatia dira, akalia mpaka kioo kikalowa. Uchungu wa mwana, aujuaye mzazi.

Mwalimu Kassimu alipoitwa akaja, akaisikiliza dira, akaenda nyuma hatua moja. "Huyu hapana Aziza. Ni jini. Amekuta mulango ya huzuni wazi, akaingia."

"Mwalimu, umuache kidogo," Subira akasihi. "Najua ni jini. Lakini sauti ni ya mutoto yangu."

"Mama, atakumaliza."

Kassimu akafukiza ubani, akasoma Kurani mpaka sauti ikamkauka. Dira ikapiga kelele kama mtoto anayeachishwa ziwa, kisha kimya. Waliizamisha Lualaba, kule Nyangwe. Sindano zilizobaki mezani zikarudi kaskazini, na Moustapha akamshukuru Mungu.

Magharibi ya siku waliyorudi nyumbani alitandika mikeka miwili, wake mbele, wa mkewe nyuma. Alipotoa salamu akageuka, akaona mgongo wa Subira. Alikuwa amelala mkekani kwa ubavu wa kulia, ameipa Makka mgongo.

"Mama Aziza, kibla iko huku."

Akamshika mabega, akamgeuza kwa upole. Subira akajirudisha polepole, akitetemeka kama sindano. Akamgeuza tena. Akajirudisha tena.

"Baba," akasema Subira, ambaye maisha yake yote hakuwa na kithembe, "unigeuthe."