Samaki Asiyejua Kuogelea

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walijipanga barazani wakaguliwe kucha. Hapo ndipo binti wa fundi cherehani alipopata nafasi ya kutamba. Alijaliwa ulimi, jambo dogo kama punje likipita kinywani mwake lilitoka kubwa kama nyumba. Siku moja alisimulia jinsi alivyovuka mto kwa kuogelea huko kwa shangazi yake. Tangu hapo wenzake wakamwita Samaki.

Kumbe mto wenyewe ulimfika magotini!

Fomu za safari ya ziwani zilipogawiwa, zilikuwa na swali: "Unajua kuogelea?" Samaki alihisi wenzake wakimchungulia begani. Akaandika, "Ndiyo, sana."

Siku ya safari ilipowadia, mkufunzi wa mitumbwi aliwapokea ufukweni. Alikuwa mama mmoja mwenye kipenga shingoni na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Aliwavalisha majaketi ya kuelea, kisha akasoma zile fomu.

"Asiyejua kuogelea atakaa na anayejua," alisema. "Mtumbwi ukipinduka, anayejua amtulize mwenzake mpaka niwafikie."

Samaki alipangwa na Kibiriti, msichana mdogo kuliko wote darasani. Kibiriti akamshika mkono kwa furaha.

"Afadhali nimepangwa na wewe! Mama alikuwa hataki nije. Nilipomwambia Samaki atakuwepo, ndipo akakubali."

Maneno yale yalimchoma Samaki. Alitazama maji, asione chini. Labda hatutapinduka, alijipa moyo. Mara mtumbwi wa mbele ukayumba, ukageuka kifudifudi, na wavulana wawili wakaibuka wakikohoa na kucheka. Wao walijua kuogelea kwelikweli.

"Haya, nyinyi wawili, pandeni!" mkufunzi aliita.

Samaki alitia mguu mmoja mtumbwini. Mtumbwi ukacheza. Akautoa mguu upesi.

"Mwalimu," alimwambia mkufunzi, "mimi... sijui kuogelea. Nilidanganya."

Kicheko kikapasuka. Kibiriti akauachia mkono wake polepole, na hilo lilimuuma kuliko kicheko chote. Lakini kabla mkufunzi hajafungua kinywa, mvulana mmoja aliyekuwa akicheka kwenye foleni ufukweni akanyamaza, akanyoosha kidole.

"Hata mimi, mwalimu."

"Na mimi," mwingine akasema, akiangalia viatu vyake.

Mkufunzi alishusha pumzi. "Nashukuru mmesema tukiwa bado nchi kavu. Twendeni kwenye maji ya kiunoni."

Huko walijifunza kulala chali na kuelea. Samaki alikunywa maji mara tatu. Mara ya nne mwili ukaelea wenyewe, akatazama mbingu, akahisi kama mtu aliyetua ndoo nzito kichwani. Pembeni yake Kibiriti naye alielea, amenuna bado.

"Ungenizamisha, wewe!" alisema.

"Najua. Nisamehe, ndugu yangu."

Kibiriti akamrushia maji usoni, wakaangua kicheko wote wawili.

Jioni, wakijikausha kwa taulo, mwalimu wao wa darasa aliketi karibu nao.

"Kutojua si aibu, wanangu," alisema. "Asiyejua hufundishwa, kama mlivyofundishwa leo. Lakini anayejifanya anajua, nani atamfundisha? Na ubaya wa uongo ni kwamba hauzami na mwenyewe tu. Humvuta na yule aliyemwamini. Leo umeonyesha ujasiri, binti yangu. Kesho uanze nao mapema, kwenye fomu."