Chai Iliyomwagwa

Kengele ya mwisho ilipolia, Kiroboto alisukumia madaftari mkobani na kutoka mbio. Jina hilo alipewa na babu yake, kwa kuwa tangu utotoni hakujua kutulia. Mama yake alikuwa bado kiwandani akishona sare, kwa hiyo kila jioni Kiroboto alipitia makao ya wazee, ambako babu alihamia baada ya kuvunjika nyonga.

Alinawa mikono mlangoni, akaingia ukumbini kusalimia wazee, ambao waliitwa kwa kazi zao za zamani.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Shikamoo, Dereva!"

"Marahaba! Leo nani anakufukuza?"

Wazee walicheka. Lakini alipofika kwenye kiti cha dirishani, babu alimtazama kama mgeni.

"Dada," alisema kwa sauti iliyokauka, "mama amerudi?"

Dada yake babu alifariki kabla Kiroboto hajazaliwa. Kiroboto alishikwa na uchungu. Babu huyu, fundi viatu aliyemtambua mteja kwa kuona soli tu, leo hamjui mjukuu wake!

"Ni uzee, mwanangu," alisema mhudumu wa ukumbi. Wazee walimwita Mama Makofi, si kwa sababu alimpiga mtu, la hasha! Alikuwa mcheshi, na kila jambo jema alilipigia makofi. "Ijumaa daktari anakuja kumpima. Akimkuta hivi, atamhamishia jengo la nyuma, kwa waliopotewa na kumbukumbu. Kule mlango hufungwa, na watoto hawaingii."

"Hahamishwi!" Kiroboto alisema. "Jumapili alikuwa kwetu na akili zake timamu. Alinifunga drafti, tena akanicheka!"

Nyumbani, mama alipoulizwa kwa nini Jumapili babu alikuwa mzima, alisema labda ni hewa ya nyumbani iliyomfaa babu. Hewa gani? Nyumba yao ilipakana na gereji, na hewa yenyewe ilikuwa moshi mtupu. Kiroboto aliona hapana, lipo jambo jingine, naye atalijua hata iweje.

Kesho yake alikaa karibu na babu bila kubanduka. Saa kumi, Mama Makofi alipita akisukuma kigari cha chai.

"Chai hiyo, wazee wangu! Karibuni!"

Wote walishukuru. Lakini alipogeuka tu, babu aliinama, akamimina chai yote kwenye chungu cha maua. Mwalimu alimimina yake kwenye chupa aliyoificha chini ya blanketi. Dereva alimwaga yake nje ya dirisha, kisha akajifuta mdomo kama mtu aliyeshiba.

"Kumbe!" Kiroboto aliruka. "Mnafanya nini?"

"Shh! Usituponze," Dereva alinong'ona. "Kila asubuhi Mama Makofi huwataja walioamka na kitanda kikavu, nasi huwapigia makofi. Usipotajwa, ukumbi mzima unajua kwa nini. Mtu mzima na mvi zangu, niaibike hivyo? Basi tukakubaliana: ikishapita saa sita mchana, hakuna kunywa."

"Halafu binti huyo huyo ndiye anayefua mashuka kwa mkono, mashine imeharibika," Mwalimu aliongeza. "Tumtwishe mzigo juu ya mzigo?"

Kiroboto alimtazama babu. Midomo ilikuwa imepasuka. Akakumbuka Jumapili, babu akidai kikombe baada ya kikombe, na mama akilalamika kwamba sukari itakwisha. Hapo alielewa, na hofu ikamwingia.

Alimkimbilia Mama Makofi. "Mama, wazee hawanywi chai!"

"Mtoto wewe! Vikombe vyote vinarudi vitupu. Usinisingizie, mimi simnyimi mtu chai."

Usiku ule mama naye alimwambia aache kimbelembele katika mambo ya wakubwa. Kiroboto hakukubali.

Alhamisi alisimama mlangoni pa muuguzi mkuu. Huyo alikuwa mama mwenye haraka, na meza yake ilikuwa imejaa dawa.

"Rudi kesho, binti. Nina kazi."

"Kesho ni Ijumaa, mama. Kesho babu yangu anahamishwa." Akabaki palepale.

Muuguzi mkuu alivua miwani. "Una ukaidi wewe! Haya, nionyeshe."

Walisimama kwenye mlango wa jikoni, kigari kikapita, nao wakaona. Muuguzi mkuu alikwenda moja kwa moja kwa babu, akamwomba atoe ulimi. Ulikuwa mkavu kama ngozi ya kiatu.

"Mzee huyu ana kiu," alisema. "Mtu wa umri wake akikosa maji mwilini, hata akili huvurugika. Nami napita hapa kila siku, naona uzee tu!"

Mama Makofi alipoelezwa sababu, alipiga magoti katikati ya ukumbi, machozi yakimtoka.

"Nilidhani nawatia moyo, wazee wangu!"

"Hatukutaka kukusumbua, binti yetu," Mwalimu alisema.

"Nisumbueni! Kusumbuliwa na nyinyi ndiyo kazi yangu."

Lakini babu alisukuma kikombe. "Sinywi. Nitalowesha kitanda."

Kiroboto alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Kunywa, babu. Ukilowesha, nitafua mwenyewe. Naapa."

Babu alimtazama, kisha akanywa funda moja. Halafu jingine. Jioni nzima Kiroboto hakuondoka, mpaka mama yake akamfuata akiwa bado amevaa sare ya kazi. Aliposikia habari yote, mama alimvuta binti yake kifuani, akaketi upande wa pili wa babu.

Muuguzi mkuu alimwomba daktari asubiri hadi Jumatatu. Siku hiyo daktari aliinama mbele ya kiti cha dirishani, akamnyooshea Kiroboto kidole.

"Mzee, unamjua huyu?"

Kiroboto alisogea karibu. Babu alikohoa taratibu.

"Huyu? Kiroboto, mjukuu wangu. Hata soksi zake hafui, lakini majuzi aliapa kunifulia mashuka!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Daktari naye alicheka, akasema hapa hakuna wa kuhamishwa.

Ndipo muuguzi mkuu aliposimama. "Makofi ya asubuhi yamekwisha. Mashine ya kufulia inatengenezwa leo, na kila mzee atapelekwa msalani kabla ya kulala, na wakati wowote akiita. Wazee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua, msitufiche shida zenu." Akawageukia wahudumu. "Nasi tukumbuke. Shuka likilowa tunalifua, linakauka. Mtu akikauka tunampoteza. Kumtunza mzee ni kumlindia afya yake na heshima yake pia. Mtoto huyu aliuliza 'kwa nini' wakati sisi tumezoea kusema 'ni uzee'."

Kiroboto aliinama kwa haya. Babu alimaliza kikombe chake, akakiweka chini kwa kishindo.

"Maneno mazuri hayo," alisema kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, bila kuinamisha kichwa. "Sasa nani atanipeleka msalani?"

Mama Makofi alikuwa wa kwanza kumfikia.