Wasubiri Meli wa Kalaw

Mtu anayetafuna kitunguu saumu kibichi kama karanga, saa sita mchana mbele ya watu, ama amechanganyikiwa ama kesho anapimwa presha. Marivic Tolentino alikuwa muuguzi, kwa hiyo alijua mara moja ni lipi kati ya hayo mawili. Lakini alikuwa ameshinda amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mtu aliyechoka hupenda kuchokoza.

"Kaka, unamfukuza mchawi gani na jua lote hili?"

Mwanaume aliinua uso. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na viatu vyake vilimetameta katikati ya matope ya mtaa wa Kalaw. Bahasha ya kaki yenye vyeti vyake alikuwa ameikalia ili isilowe.

"Mimi ni mtu wa Iloilo, dada. Wachawi wa kwetu tunawajua kwa majina. Huyu ninayemfukuza ni wa hapahapa Manila. Ana mkanda wa kubana watu mikono."

"Ana sura gani?"

"Sijamwona. Ila nasikia ni mwanamke, na hana huruma."

Marivic alikula wali wake na kipande cha samaki mkavu, macho ameyashusha sahanini. Mama wa kibanda cha chakula walichokaa aligeuka haraka kukoroga supu ili asicheke, maana alijua Marivic anafanya kazi wapi. Nje, kwenye ukingo wa barabara, mamia ya mabaharia walisimama kama walivyosimama jana na juzi, na mawakala walipita katikati yao wakiwa wametundika shingoni mabango ya kazi: anatakiwa mpishi, anatakiwa fundi wa umeme, anatakiwa nahodha msaidizi.

"Kitunguu hakitakusaidia," Marivic alisema akiinuka. "Nenda ukalale mapema."

Kesho yake, saa mbili asubuhi, mwanaume yule alisukuma mlango wa chumba namba nne cha kliniki inayopima mabaharia kabla ya safari, akamkuta Marivic ndani ya sare yake nyeupe, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Karibu kwa asiye na huruma," alisema. "Kaa. Kunja mkono wa shati."

Nestor Magbanua alikaa. Mashine ilivuma, mkanda ukajaa, namba zikapanda: mia moja na sitini kwa mia.

"Umeona?" Nestor alisema, jasho linamtoka. "Ni wewe. Ungekuwa mzee mwenye kipara ningepata mia na ishirini."

"Fumba macho, uache kuongea."

"Nikifumba macho bado nakuona."

"Basi fikiria mzee mwenye kipara."

Alimwacha apumzike dakika ishirini, akampima tena. Safari hii namba zilishuka mpaka mahali daktari angeweza kutia sahihi. Nestor alitoka na cheti mkononi na namba ya simu ya Marivic nyuma ya bahasha. Meli yake ilikuwa iondoke baada ya siku kumi na mbili, kubeba madini ya chuma kutoka Brazili kwenda China.

Haikuondoka. Huko kaskazini mwa China matanuri ya kuyeyushia chuma yalikuwa yamezimwa moja baada ya jingine, kwa kuwa nyumba zilizokuwa zijengwe kwa chuma kile hazikupata wanunuzi. Meli zikatia nanga bila mzigo, na wakala akampigia Nestor simu kumwambia arudi tu barabarani. Hao watu wa matanuri Nestor hakuwajua, nao hawakumjua. Lakini wao walipozima moto kule, mama yake na wadogo zake wawili wa shule walipunguza wali huku Iloilo.

Kwa hiyo mapenzi yao yalikua katika miezi mitano ambayo Nestor aliiita miezi ya bure. Asubuhi alisimama Kalaw. Mchana alimsubiri Marivic kibandani. Jumapili walikaa kwenye ukuta wa ghuba wakila mahindi ya kuchemsha, yeye Marivic na gauni lake la manjano lenye maua madogo, Nestor na shati lilelile.

Walipigiana simu kila jioni, hata kama hawakuwa na la kusema.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Leo nimepima watu sabini na wawili."

"Kuna aliyenishinda kwa uzuri?"

"Mmoja. Mzee mwenye kipara."

Kisha kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake mpaka salio likaisha.

Mwezi wa sita simu ya wakala ilikuja. Meli ya kubeba magari, miezi tisa, kuanzia Yokohama. Cheti cha zamani kilikuwa kimeisha muda wake, hivyo Jumatatu Nestor apimwe upya. Jumapili yake wakaenda ukutani, lakini mahindi hayakuliwa.

"Kesho natamani mashine ikukatae," Marivic alisema akitazama maji.

"Usiseme hivyo hata kwa utani."

"Si utani. Nimechoka, Nestor. Rafiki zangu wote niliosoma nao wako nje. Dubai, London, Riyadh. Kila nikizoea mtu, ananiletea sanduku nimsaidie kufunga."

Nestor alimshika mkono akacheka kidogo, naye akacheka kidogo, na jambo likaishia hapo. Au walidhani limeishia.

Jumatatu mashine ilitoa mia moja na sabini kwa mia moja na kumi. Marivic alimpumzisha, akapima tena. Ileile. Nestor alipelekwa kitandani nyuma ya pazia, akasinzia hapo, na alipoamka akapimwa mara ya tatu, na muuguzi mwingine. Daktari hakumtazama usoni. Aliandika asubiri miezi miwili, atibiwe, arudi. Meli haisubiri miezi miwili. Siku ya tatu mtu mwingine kutoka mtaa uleule wa Kalaw alipanda ndege kwenda Yokohama.

Nestor alipiga simu akiwa amesimama barabarani.

"Marivic, niambie ukweli. Uliandika ulichokiona, au ulichokitaka?"

Marivic alikuwa ameegemea ukuta wa korido ya kliniki, watu arobaini wakiwa kwenye foleni. Angeweza kujibu. Lakini aliliona swali lenyewe kama kofi, na kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimechoka siku nyingi, kikakataa kujitetea. Isitoshe, alikuwa ametamani kweli mashine imkatae. Mtu aliyetamani jambo hupata aibu linapotokea, hata kama hakuligusa kwa kidole.

"Haya," Nestor alisema. "Nimeelewa."

Akakata. Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Nestor alihama hata kibanda cha kulia. Marivic alipima watu sabini kwa siku, akawaambia wote wafumbe macho, wala hakumchokoza hata mmoja.

Aliyevunja ukimya, kwa simu, alikuwa Dada Cora, muuguzi wa chumba cha damu, mwanamke wa miaka hamsini na tano aliyezoea kuwachoma sindano mabaharia wakubwa kama milango wakazimia.

"Nestor Magbanua?"

"Ndimi."

"Hapa Cora. Ninayekutoaga damu. Kaa chini kama umesimama."

"Nimekaa, Dada Cora. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Kipimo cha tatu nani alikupima?"

Nestor alifikiri. "Wewe."

"Mimi. Na mimi nilikutaka? Nilikutamani ubaki?"

"Hapana, dada."

"Nani alimwomba daktari akupe kile kitanda? Marivic alisimama mlangoni kwa daktari macho yamejaa machozi, anasema mpeni nusu saa, amelala vibaya. Wewe huku nyuma ya pazia unakoroma."

Nestor alihamishia simu kwenye sikio jingine.

"Na kingine. Akuzuie ubaki ili iweje? Akuhifadhi kabatini? Mwenyewe anaondoka. Barua ya hospitali ya Maskati iko mkobani mwake tangu mwezi wa pili, mkataba wa miaka miwili, na kila mwezi anawaandikia wamsogezee tarehe."

"Hakuniambia!"

"Alikuwa anasubiri meli yako itangulie. Hakutaka kuwa yeye wa kukuacha umesimama barabarani na bahasha. Sasa umekosa meli, ukamchelewesha, halafu ukamtukana. Hongera."

"Dada Cora..."

"Meza dawa. Presha unayo kweli, mjinga wewe."

Simu ikakatika. Nestor alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda cha chumba anachochangia na mabaharia wenzake sita. Mara saba mama yake alimsindikiza bandarini au uwanja wa ndege. Mara saba alipunga mkono akageuka, akaanza kufikiria injini za meli alizokwenda kuzihudumia. Hakuwahi hata mara moja kumsindikiza mtu, na hakujua anayebaki hufanya nini baada ya kugeuka.

Alimpata Jumamosi mchana, kwenye duka la masanduku la mtaa wa Pedro Gil. Marivic alikuwa amevaa lile gauni la manjano, nywele zimelowa jasho shingoni, akibishana na muuzaji juu ya sanduku jekundu.

"Hili ni imara, dada, hata tembo akilikalia."

"Nipunguzie basi kwa ajili ya huyo tembo."

"Usichukue hilo," sauti ikasema nyuma yake. "Magurudumu yatakufa kabla hujafika kwenye mizani ya uwanja wa ndege."

Marivic hakugeuka haraka. Alimaliza kwanza kufunga zipu aliyokuwa ameishika.

"Nani kakuambia niko hapa?"

"Dada Cora."

"Cora ana mdomo."

"Ashukuriwe." Nestor alipiga magoti sakafuni, akaanza kuyapindua masanduku moja moja, akizungusha magurudumu, akivuta mipini, akigonga pembe kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. "Nilikosea, Marivic."

"Umechelewa wiki tatu."

"Nilikosea wiki tatu nzima. Mtu akikupenda akakwambia anatamani ubaki, si mwizi. Mimi nilikugeuza mwizi."

Muuzaji alijifanya anapanga mikoba. Hakuna mkoba uliosogea.

"Umeanza dawa?" Marivic aliuliza, bado ametazama pembeni.

"Siku ya nne leo."

"Kila siku?"

"Kila siku, asubuhi, kabla ya chai. Wakala alipiga simu jana. Meli ya ngano, inaanzia Vancouver, wanataka mtu Jumatatu. Kuna jamaa akaniambia yupo mtu anayeandika namba yoyote unayoitaka kwenye cheti."

Hapo Marivic aligeuka. Uso wake ulikuwa umekonda. "Na wewe?"

"Nimewaambia daktari amesema miezi miwili, nitakuja baada ya miezi miwili."

"Wakasemaje?"

"Wakakata simu." Alinyanyua sanduku la bluu iliyokoza, lisilo na urembo wowote. "Kule chini kwenye injini joto ni nyuzi arobaini na tano. Nimeona mtu akianguka mara moja. Namba ya uongo isingemwinua. Chukua hili."

"Na mama? Na wadogo zako?"

"Kuna fundi wa majokofu huko mtaa wa Paco, ananipa kazi. Wali utakuwepo. Samaki ni majaliwa."

Marivic alilipa sanduku la bluu bila kubishana tena, jambo lililomsikitisha muuzaji kuliko wao. Kisha wakatoka nje, juani. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili kabla ya safari ya Marivic. Hakuna aliyeitaja. Nestor alibeba sanduku begani, na kwa kuwa chumba cha Marivic kilikuwa upande wa pili, ilibidi wapite Kalaw.

"Miaka miwili ni mingi," Marivic alisema wakitembea. "Sitakuomba unisubiri. Mimi nimewaona wanaosubiri. Wanazeeka kwa upande mmoja."

"Hujaniomba."

"Ndiyo nasema."

"Nami nimesikia. Niambie tu, mtu anayebaki, jioni ile ya kwanza, anafanya nini?"

Marivic alifikiri kwa uzito, kama ameulizwa na mgonjwa. "Anakula. Hata kama hataki. Akiacha kula siku ya kwanza, hatazoea."

Mabaharia walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa barabara, bahasha mikononi, mawakala wakipita na mabango yao. Mmoja aliliona sanduku jipya begani mwa Nestor akapiga mluzi.

"Magbanua! Umepata! Meli gani?"

"Sijapata," Nestor alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Sanduku ni la mke wangu. Yeye ndiye anayeondoka. Mimi ndiye ninayebaki."

Kicheko kikapasuka, na miluzi, na mtu mmoja akampa pole kwa sauti ya msibani. Marivic alisimama palepale, katikati ya wanaume mia tatu.

"Mke gani?"

"Bado sijamwuliza," Nestor alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Naogopa atasema nimechelewa."

Marivic alimtazama mwanaume huyu aliyepiga pasi shati lake ili aje kuomba radhi dukani. Alikuwa amechoka sana, uchovu wa miaka, na kwa mara ya kwanza uchovu huo haukumwambia aondoke.

"Umechelewa," alisema. "Lakini na mimi nimechelewa kukuambia habari ya Maskati. Leta upande mmoja nishike."

"Ni tupu, halina uzito."

"Nimesema leta."

Wakalibeba sanduku lile tupu watu wawili, kila mmoja na upande wake, taratibu, na mabaharia wa Kalaw wakasogea kuwapa njia.