Yowe la Mayala

Injini ya mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa na mkanda umeteremshwa, lakini vikombe vya Zuhura viliendelea kugongana kabatini. Salehe akamwambia mkewe ni upepo. Upepo gani huo wa kutikisa vikombe na kuliacha pazia limetulia tuli, hata yeye hakujua.

Kijiji kizima cha Didia kilikoboa mpunga kwake. Alikuja na mashine yake kutoka Ujiji, mgeni asiye na shamba wala ukoo, wakampokea na kumwapisha awe mtu wao. Kiapo chenyewe kilikuwa hiki: ukisikia mwano, yaani yowe la hatari la Wasukuma, unaupokea kwa sauti yako na kuupeleka mbele, nyumba kwa nyumba, huku unakimbia na fimbo mkononi. Asiyeupokea walimhesabu pamoja na wezi.

Mwezi uliopita, jua likiwa kali, wezi wa ng'ombe walimvamia Mayala akilima jaruba lake la mpunga kwa maksai. Mayala akapiga mwano. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Salehe. Alisikia vizuri kabisa, akayaona na mapanga ng'ambo ya mfereji, akarudi nyuma hadi kwenye mashine. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akashika hendeli, akaiwasha mashine. Kinu kitupu, hakina hata punje. Alitaka tu aweze kusema hakusikia. Kumbe mngurumo ule ulikiziba masikio kijiji kizima. Maksai wakaswagwa, Mayala akafia topeni peke yake, na msibani Salehe akachimba kaburi kwa bidii kuliko wote. Watu walimsifu, naye akazimeza sifa zile huku anajichukia.

Baada ya vikombe ikaja harufu. Pumba zikaanza kunuka damu mbichi na tope. Halafu likamfika Zuhura. Kila alasiri alisimama katikati ya chumba, akaachama kinywa, mishipa ya shingo ikamtoka, sauti isitoke. Akainua mikono kuukinga uso, na kwenye mikono hiyo ngozi ikapasuka, mchano mmoja leo, mwingine kesho, wa panga ambalo Salehe hakuliona.

"Baba Amira," alinong'ona, "kuna mtu anataka kupita kwangu. Hapiti. Ataniua."

Salehe akamleta mganga kutoka Isaka, Bi Mwasiti, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alifukiza ubani, akamshika Zuhura mkono, akasikiliza.

"Jini huyu hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Amepanda juu ya kilio kilichokatwa njiani. Nani alikikata?"

"Sijui, bibi."

Zuhura akaguna, na shavu lake likachanika mbele ya macho yao.

"Endelea kusema uongo, mwanangu. Sanda unazo?"

Hapo Salehe akasema yote, kamasi na machozi vikimchuruzika. Zuhura alimtazama mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.

"Nenda ulipokuwa umesimama siku ile," Bi Mwasiti akamwambia. "Piga mwano wa marehemu. Watakuja na fimbo, waambie ulilolifanya. Kama ni kufukuzwa, fukuzwa. Hendeli nipe mimi."

Salehe akamkabidhi hendeli. Akatoka juani, akasimama kando ya mashine baridi, akafumba macho na kupiga mwano kwa nguvu zake zote, akapiga tena, akapiga huku kifua kinamtetema na meno yanagongana, na kila alipopumzika kuvuta pumzi alitega sikio asikie nyumba ya pili ikiupokea, na ya tatu, na vishindo vya miguu njiani, lakini hakuna aliyepokea, mbwa hawakubweka, na watu aliowaona kwa mbali waliendelea kupalilia bila hata kuinua vichwa, naye akaanza kuwakimbilia huku bado anapiga yowe.

Mtu wa kwanza Salehe kumfikia alikuwa Scolastika, mjane wa Mayala, aliyekuwa ameketi mlangoni akipeta mchele.

"Mbona hamji?" Salehe alilia. "Mimi ndiye niliyeuzima mwano wa mumeo! Mimi, Mama Edward!"

Scolastika alikunja uso, akaziba sikio moja kwa kiganja.

Salehe akafumba mdomo. Kifua kiliendelea kutetema. Nyuma yake, kutoka nyumbani kwake, Zuhura akapiga yowe, safari hii kwa sauti kamili, akimwita kwa jina. Salehe alilisikia vizuri kabisa. Scolastika hakugeuka.

"Sikusikii, baba," mjane alisema kwa kupaza sauti, akimwonyesha kwa kidole upande wa nyumba yake. "Kazime mashine kwanza, ndipo tuongee."