Mpunga wa Jaruba la Petronila

Kila asubuhi kabla ya kengele, na kila jioni baada ya masomo, Petronila alikaa juu ya dungu akiwafukuza ndege. Ilikuwa enzi za Mwingereza, katika shule ya misheni huko Kisarawe. Kila mwanafunzi wa darasa la nne alilima jaruba lake la mpunga bondeni.

Mwalimu Lucian alikuwa amesimika penye majaruba kibao chenye jina la kitaalamu la mpunga: *Oryza sativa*.

"Mwalimu, hiyo sativa ndiyo nini?" aliuliza Sixtus.

"Ni neno la sifa la Kilatini. Limetokana na neno lenye maana ya kupanda mbegu. Sativa ni kile kilichopandwa na mkono wa mtu, si cha mwitu. Nalo hubadilika kufuata jina, kama tusemavyo mtu mzuri, kitu kizuri. Mpunga ni sativa, figili ni sativus, kitunguu saumu ni sativum."

"Basi mimi ni Sixtus sativus!"

"Wewe ni wa mwitu," alisema Petronila. Darasa zima likacheka.

Masuke yakakomaa. Jioni moja Petronila alishuka dunguni akaenda kucheza rede. Aliporudi, ndege walikuwa wamekula nusu ya mpunga wake. Kesho yake miganda ilitakiwa shuleni, ili wanakijiji wagawiwe mbegu. Kwa aibu, alikata masuke ya mpunga wa mwitu kando ya kijito, akayachanganya na yake.

Asubuhi bibi yake, Paskalia, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Mimi nataka za mjukuu wangu," alisema kwa fahari.

Mwalimu akauinua mganda wa Petronila juu ya mkeka wa kupuria, kando ya kapu la mbegu.

"Mwalimu, usipure!" Petronila alilia. "Nusu ni wa mwitu. Ndege walikula wangu, nami nilikuwa kwenye rede."

Mwalimu aligusa suke moja. Punje zikapukutika mkekani. "Tazameni. Wa mwitu humwaga mbegu zake wenyewe. Uliopandwa humngoja mvunaji."

Sixtus alifungua kinywa amtanie Petronila. Bibi akamtazama, naye Sixtus akakifunga.

Bibi na mjukuu walichambua suke kwa suke mpaka adhuhuri. Walipata kibaba kimoja tu.

"Ni kidogo, bibi. Nisamehe."

"Kidogo, lakini najua kitakachoota. Ungenyamaza, kijiji kizima kingepalilia magugu kikidhani ni mpunga. Kazi ikikushinda, sema mapema, mjukuu wangu. Uongo nao huota." Akafunga mbegu katika pindo la kanga yake. "Na mwakani, dungu la shamba langu utalikalia wewe."

"Ndiyo, bibi. Nami sitashuka."